Kubadilishana Matunguu ya Maua Kabla ya Kuhama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wenye bustani za nyumbani wanaojiandaa kuhama, hasa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ambako wapangaji na watumishi huhama mara kwa mara na kuacha nyuma maua waliyoyalea kwa miaka. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara mtu anapotangaza kwamba anahama na ana matunguu ya kugawa. Msimamo wetu ni mmoja kote: tunguu lililopandwa kwenye bustani ya mwenzako liko salama kuliko lile lililopakiwa kwenye lori, na kwa hiyo mabadilishano yafanywe mapema, kwa utaratibu, na kwa nia ya kuhifadhi maua yenyewe.

## Misingi

Matunguu ya maua ni yapi, na je, yote hushughulikiwa kwa namna moja?

Katika mabadilishano, jina hili hutumika kwa kila sehemu ya mmea iliyo ardhini ambayo huhifadhi chakula na kuuwezesha mmea kuchipua tena baada ya kupumzika. Kiutendaji kuna makundi manne, na kuyachanganya ndiko kunakoleta hasara nyingi. La kwanza ni matunguu yenye matabaka kama kitunguu cha jikoni: amarilisi ya vitalu vyetu, ambayo kitaalamu ni Hippeastrum na asili yake ni Amerika Kusini, pamoja na krinamu, tuberozi, yungiyungi wa mvua, na skadoksi, lile ua jekundu la mviringo linalochomoza mvua za kwanza zinapoanza. La pili ni matunguu magumu yasiyo na matabaka, kama gladioli na frizia, ambayo hunywea kila msimu huku tunguu jipya likijengeka juu ya lile la zamani. La tatu ni viazi, yaani dalia, gloriosa na kaladiamu. La nne ni mashina manene yanayotambaa chini ya udongo, kama ya kana na agapantasi.

Linalotenganisha makundi haya kwa mtu anayehama ni namna ya kupumzika. Gladioli, gloriosa na kaladiamu hulala kabisa na zinaweza kukaa miezi kadhaa bila udongo. Krinamu na agapantasi hubaki na majani karibu mwaka mzima, na ukiziacha zikauke kama vitunguu sokoni utaziua. Amarilisi iko katikati: hupumzika, lakini mizizi yake huishi zaidi ya msimu mmoja na haipendi kukatwa.

Kwa nini nibadilishane, badala ya kuchimba yote na kuondoka nayo?

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo anayetoka Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenda Mombasa au Dar es Salaam anaingia katika mazingira ambayo dalia zake hazitayapenda hata azitunze vipi. Ni busara zaidi kumwachia dalia hizo mtu wa Limuru au Lushoto, na kupokea kutoka kwake, au kwa rafiki yake wa pwani, kitu kitakachostawi kule uendako.

Sababu ya pili, ambayo sisi tunaipa uzito mkubwa zaidi, ni usalama wa maua yenyewe. Safari huvunja, huozesha na hupoteza. Aina moja ikiwa katika bustani tatu, ajali ya bustani moja haiwezi kuimaliza. Utaratibu huu ni wa kale: Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea aliyehamia Leiden nchini Uholanzi mwaka 1593 na kupanda tulipu katika bustani ya chuo kikuu cha mji huo, alikuwa amezoea kwa miaka mingi kupelekeana mbegu na matunguu na marafiki zake kote Ulaya. Baadhi ya tulipu zake ziliibwa bustanini. Zile alizokwisha kuwagawia marafiki, mwizi wa Leiden hakuweza kuzifikia.

Sababu ya tatu ni kwamba matunguu mengi huzaana. Fungu la amarilisi lisiloguswa kwa miaka minne au mitano huwa limejaa watoto wa pembeni wanaosongana, na kulichimba kwa ajili ya kuhama ni nafasi ya kulipunguza.

Nyumba ni ya kupanga. Je, nina haki ya kuchimba maua niliyopanda mwenyewe?

Usichimbe kabla ya kuuliza. Mimea iliyoota mizizi ardhini kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi, na mikataba mingine ya upangaji hutaja bustani waziwazi. Mimea iliyo kwenye vyungu na makopo ni mali yako bila ubishi. Kwa ile iliyo ardhini, mweleze mwenye nyumba mapema, kwa maandishi, kwamba utachukua sehemu ya matunguu, utaacha sehemu, na utasawazisha udongo. Kuacha walau theluthi moja ni adabu njema kwa mpangaji anayekuja, na pia ni akiba nyingine ya maua yako.

Ni maua gani yanayofaa zaidi kubadilishana?

Kwa anayeanza, tunapendekeza kana, gladioli na yungiyungi wa mvua, kwa sababu huvumilia makosa ya kuchimba na kuhifadhi. Amarilisi inafaa sana iwapo muda unatosha. Krinamu kubwa iliyokomaa iachwe ilipo ikiwezekana: mizizi yake hulivuta tunguu chini mwaka hadi mwaka, na mara nyingi mtu huishia kulikata kwa sepeto akilitafuta. Chukua mtoto wa pembeni, na mama umkabidhi mwenye nyumba au mpangaji ajaye.

## Wakati na uchimbaji

Nianze maandalizi lini?

Miezi mitatu kabla ya kuhama, ikiwa unaijua tarehe. Mwezi wa kwanza ni wa kuweka alama: tembea bustanini maua yakiwa yamechanua, funga kitambaa au bandika lebo kwenye kila fungu, na andika rangi na urefu, maana tunguu lililolala halisemi rangi yake. Mwezi wa pili ni wa kutangaza na kukubaliana nani atapata nini. Mwezi wa tatu ni wa kuchimba, kukausha na kukabidhi.

Kalenda inayotawala ni ya mvua. Katika maeneo yenye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kama Arusha, Moshi na Nairobi, nafasi nzuri za kuchimba ni Januari na Februari, na tena Julai hadi Septemba, wakati mimea mingi imepunguza majani na udongo umekauka. Mbeya, Iringa na Njombe zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na huko kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho wakati wenyewe. Tarehe ya lori ikigongana na kalenda hii, tazama jibu linalofuata.

Ninalazimika kuhama katikati ya masika, majani yakiwa mabichi. Nifanyeje?

Hapa ndipo mabadilishano yanapodhihirisha thamani yake. Tunguu lililochimbwa likiwa na majani mabichi halijamaliza kuweka akiba, kwa sababu majani ndiyo yanayolilisha. Likikaushwa wakati huo, mwaka unaofuata litatoa majani dhaifu na huenda lisitoe ua kabisa. Njia iliyo bora ni kutolikausha hata kidogo: lichimbe pamoja na bonge la udongo, lipeleke siku hiyohiyo kwa jirani, na lipandwe kwa kina kilekile lilichokuwa nacho. Jirani huyo atakupa, kutoka kwenye akiba yake kavu, kitu kinachosafiri kwa urahisi. Bonge la udongo lihame kati ya bustani za mtaa mmoja tu, kwa sababu zilizoelezwa kwenye sehemu ya afya ya matunguu.

Kama huna jirani wa kumpa, hamisha tunguu kwenye kopo lenye matundu na usafiri nalo likiwa hai. Ni mzigo, lakini ni afadhali kuliko kulilazimisha kulala kabla ya wakati.

Je, nikate majani ili kurahisisha upakiaji?

Usikate majani ya kijani, na usiyafunge mafundo. Subiri yageuke manjano na yang'oke kwa kuvutwa taratibu. Kwa gladioli, ruhusu walau wiki sita baada ya ua kunyauka ndipo uchimbe. Kinachoweza kukatwa mara moja ni bua la ua lililochanua na kwisha, ili mmea usipoteze nguvu kwa kutengeneza mbegu. Agapantasi na krinamu ni za pekee: majani yake hayakauki yote, na yanaweza kupunguzwa kwa nusu siku ya kuchimba ili mmea usipoteze maji mengi.

Nichimbeje bila kujeruhi?

Mwagilia siku moja kabla ikiwa udongo ni mgumu. Ingiza uma wa bustani umbali wa kiganja na nusu kutoka kwenye shina, uinue fungu lote, kisha ulitenganishe kwa mikono. Jembe na sepeto huacha makovu, na makovu ndiyo mlango wa kuoza. Gloriosa huhitaji uangalifu kuliko zote: kiazi chake ni chembamba, mara nyingi kimepinda kama herufi V, na chipukizi liko kwenye ncha. Ncha ikivunjika, kipande kilichobaki hakitachipua hata kikionekana kinono.

Dalia na kana zinagawanywaje?

Kiazi cha dalia kisicho na kipande cha shingo yenye jicho hakitaota kamwe, na hili ndilo lalamiko la kawaida kabisa baada ya mabadilishano: mtu amepewa viazi vitano vizuri, na hakuna hata kimoja kilichochipua. Kata kwa kisu kikali ili kila kiazi kibaki na sehemu ya shina la zamani ambako macho hutokea. Macho yasipoonekana, weka fungu lote mahali penye unyevu kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, yatavimba na utajua pa kukata. Kana ni rahisi zaidi: kila kipande chenye macho mawili au matatu kinatosha. Paka majivu makavu ya kuni au unga wa salfa kwenye majeraha, na acha yakauke siku mbili kabla ya kumkabidhi mtu.

Yakaushwe na kuhifadhiwa vipi hadi siku ya kukabidhi?

Kivulini, penye upepo, juu ya wavu au gazeti, kamwe si juani wala juu ya bati. Gladioli zinahitaji wiki mbili hadi tatu, kisha tunguu la zamani lililonywea chini hubanduliwa kwa vidole na kutupwa. Dalia zisikaushwe kupita kiasi, zihifadhiwe ndani ya maranda ya mbao au mchanga wenye unyevu hafifu ili zisisinyae. Kaladiamu huchukia baridi, kwa hiyo katika Julai ya Nairobi au Njombe ziweke ndani ya nyumba, si stoo ya nje. Amarilisi ikaushwe ngozi tu, mizizi ibaki.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, lakini hata kama isingepigwa marufuku haifai, kwa sababu hufungia unyevu na ukungu hufuata ndani ya siku chache. Tumia bahasha za karatasi, vikapu, au soksi kuukuu zilizotoboka. Usihifadhi pamoja na ndizi au matunda mengine yanayoiva, kwani gesi inayotoka kwenye matunda hayo huweza kuharibu chipukizi la ua lililo ndani ya tunguu.

## Mabadilishano yenyewe

Kiwango cha haki ni kipi? Tunguu moja kwa moja?

Hakuna bei iliyopangwa, na tungependa isiwepo. Lakini kuna umri wa tunguu, nao ndio msingi wa haki. Mtoto wa amarilisi huchukua takriban miaka miwili hadi mitatu kufikia kuchanua, na vijitunguu vidogo vinavyozunguka kitako cha gladioli huchukua misimu miwili au mitatu. Kwa hiyo amarilisi iliyokwisha kuchanua si sawa na mtoto mmoja. Watoto watatu hadi watano ni jibu la heshima. Dalia zibadilishwe kipande chenye jicho kwa kipande chenye jicho. Kana hazistahili kuhesabiwa, toa kikapu.

Mwambie mwenzako ukweli kuhusu ukubwa. Anayepokea vijitunguu akidhani vitachanua mwaka huu atavitupa mwaka ujao, na aina hiyo itakuwa imepotea kwa sababu ya neno moja lisilosemwa.

Niandike nini kwenye lebo?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila bahasha iwe na jina la ua kadiri unavyolijua, rangi, urefu, mahali lilipokuwa limepandwa na kimo chake kutoka usawa wa bahari ikiwa unakijua, mwezi wa kuchimbwa, kama lina umri wa kuchanua au bado, na kama lina sumu. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu hufifia kwa unyevu. Lebo moja iwe nje, nyingine ndani.

Kama hujui jina, usibuni. "Amarilisi nyekundu yenye mstari mweupe, kutoka kwa bibi mmoja wa Machame" ni maelezo yenye manufaa kuliko jina la kitaalamu lililokisiwa, kwa sababu anayepokea anaweza kulifuatilia baadaye.

Amana ni nini katika mabadilishano haya, na nimkabidhi nani?

Amana ni sehemu ya matunguu unayomwachia mwenzako si kama zawadi tupu bali kwa makubaliano kwamba, ukiomba, atakurudishia watoto wake baada ya misimu miwili au mitatu. Mali ni yake, anafurahia maua, na wewe una haki ya kuomba mbegu yako. Tunashauri kila aina unayoithamini iwekwe kwa watu wawili, katika mitaa miwili tofauti, na mmoja wao awe mtu asiyehamahama: mwenye nyumba yake, shule, msikiti au kanisa lenye bustani na mtunzaji wa kudumu.

Andikeni makubaliano hayo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, mkitaja aina na idadi. Si kwa kutoaminiana, bali kwa sababu baada ya miaka mitatu hakuna anayekumbuka iwapo zile nyeupe zilikuwa tano au nane.

Mimi ndiye ninayeanza bustani na sina cha kutoa. Je, naweza kushiriki?

Ndiyo. Anayehama huhitaji mikono kuliko matunguu: kuchimba, kuosha, kubeba, na kutunza amana. Jitolee kwa kazi hizo na utarudi nyumbani na kikapu. Unaweza pia kutoa vyungu, mboji au mbegu.

## Afya ya matunguu na ya watu

Nitajuaje kwamba tunguu lina ugonjwa?

Liminye kwa kidole gumba. Tunguu zima ni gumu na zito, lililooza hulegea kwenye kitako, na mara nyingi kuoza huko hutokana na ukungu wa fusari ulioingia kupitia majeraha. Fungua ngozi ya juu utazame: unga mweupe kama pamba ni vidung'ata, na makovu ya kahawia yenye kunata kwenye gladioli huwa kazi ya vithiripi, ambao hujificha ndani ya magamba wakati wa hifadhi na kuhamia bustani mpya pamoja na mzigo. Vinundu kwenye mizizi ya dalia ni dalili ya minyoo fundo. Amarilisi yenye madoa mekundu yaliyodidimia kwenye majani na mabua huenda ina ukungu wa madoa mekundu, na ikishambuliwa sana majani hupinda.

Vidung'ata na vithiripi vinaweza kuondolewa kwa kuosha na kusafisha. Virusi haviondoki. Mmea wa kana, dalia au amarilisi ambao majani yake yana michirizi ya manjano isiyo ya kawaida, huku ukidumaa, usigawiwe mtu yeyote hata akiusihi. Uchomwe. Virusi husambazwa na vidukari na pia na kisu kinachokata mmea mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo safisha kisu kwa spiriti, au kwa jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, kabla ya kugusa fungu linalofuata. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mtu mmoja mkarimu asiyesafisha kisu anaweza kuziambukiza bustani kumi kwa siku moja, tena kwa nia njema.

Kwa nini mnasisitiza udongo uondolewe?

Kwa sababu udongo hubeba minyoo fundo, ukungu, na bakteria wa mnyauko ambao huangamiza nyanya, viazi na pilipili kwenye shamba la anayepokea. Mwaka 2003 bakteria huyo wa mnyauko aligunduliwa Marekani katika mimea ya jeranio iliyotokana na vipandikizi kutoka Kenya, na mimea mingi sana ikateketezwa. Kama mkulima mkubwa mwenye wakaguzi anaweza kupatwa na hilo, sisi wa bustani za nyumbani hatuna sababu ya kujiona salama. Osha matunguu kwa maji yanayotiririka, yaache yakauke kivulini, na usiyamwage maji hayo kwenye bustani ya mboga.

Je, ni kweli kwamba baadhi yana sumu?

Ni kweli, na jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Gloriosa, ua la taifa la Zimbabwe ambalo huota lenyewe pia katika vichaka vingi vya Afrika Mashariki, lina kolchisini katika kila sehemu yake. Viazi vyake hufanana na viazi vikuu vidogo, na watu wamekufa kwa kuvila. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Amarilisi, krinamu na skadoksi zina laikorini, ambayo husababisha kutapika na kuharisha, nazo hufanana na vitunguu vya jikoni zikishakauka.

Katika kuhama, vitu vya jikoni na vya bustani huchanganyika kwa urahisi. Kwa hiyo matunguu yasipakiwe kamwe kwenye sanduku moja na chakula, yasibaki sakafuni penye watoto au mbwa, na neno SUMU liandikwe kwenye bahasha kwa herufi kubwa. Mtu akila, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea wenyewe. Usisubiri dalili, kwa kuwa za kolchisini huchelewa saa kadhaa.

## Safari na kupanda upya

Nipakie vipi kwa safari ya basi au lori?

Matunguu yaliyolala yawekwe kwenye sanduku la karatasi lenye matundu, tabaka kwa tabaka, yakitenganishwa na magazeti yaliyokunjwa. Yasikae juu ya injini wala chini ya turubai jeusi juani. Agapantasi, krinamu na kana zifungwe kwenye gazeti lenye unyevu na gunia, na zipandwe ndani ya siku nne au tano. Sanduku la matunguu ndilo liwe la mwisho kupakiwa na la kwanza kushushwa.

Ninahamia pwani. Niombe nini?

Omba kaladiamu, kana, krinamu, tuberozi, gloriosa na yungiyungi wa mvua. Amarilisi itakubali joto mradi ipate kipindi halisi cha ukavu na udongo usiotuamisha maji. Dalia, frizia na agapantasi waachie watu wa milimani. Ukienda upande wa pili, yaani kutoka Tanga kwenda Lushoto au kutoka Mombasa kwenda Nyeri, kaladiamu ndizo za kuacha, nazo gladioli na dalia ndizo za kuomba.

Nimepanda na mwaka mzima umepita bila ua. Je, nilidanganywa?

Huenda hapana. Amarilisi iliyosumbuliwa mizizi mara nyingi huruka msimu mmoja, na krinamu huweza kuruka zaidi. Angalia kwanza kina cha kupanda: shingo na theluthi ya juu ya amarilisi zibaki nje ya udongo, ilhali gladioli hupenda kina cha sentimita 10 hadi 15. Kisha angalia jua, kisha umri kama ulivyoandikwa kwenye lebo. Gladioli yenye umri wa kuchanua ikishindwa kutoa ua baada ya miezi minne tangu kupandwa, hapo una haki ya kumuuliza aliyekupa.

## Mipaka na mambo ya pekee

Ninahama kutoka Arusha kwenda Nairobi. Naweza kuvuka Namanga na matunguu yangu?

Si bila karatasi. Mimea hai inayovuka mpaka, hata ikiwa michache na ya nyumbani, huhitaji kibali cha kuingiza kutoka nchi unayokwenda na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unayotoka. Upande wa Kenya mhusika ni KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na upande wa Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Anza wiki kadhaa kabla, na matunguu yawe yameoshwa. Ukiona taratibu hizi zinazidi thamani ya mzigo wako, hiyo ndiyo hali ambayo amana ilibuniwa kwa ajili yake: gawa yote upande huu, na utafute wenzako wa kubadilishana upande ule.

Na nikihamia Ulaya, au nikitaka kumletea ndugu tulipu kutoka huko?

Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya hudai cheti cha afya kwa karibu kila mmea hai unaotoka nje, hata ulio kwenye mizigo ya abiria. Kati ya mazao ya mimea, yaliyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Matunguu hayamo.

Kuhusu tulipu, fikiria mara mbili hata ukiwa na vibali vyote. Zinahitaji majuma 12 hadi 16 ya baridi ya chini ya nyuzi 9 ili ua litoke vizuri, na hakuna mtaa wa Nairobi au Arusha unaotoa baridi hiyo. Zitachanua mara moja baada ya kukaa kwenye friji, kisha zitadhoofika.

Ninaishi Uingereza. Je, ushauri huu unanihusu?

Kanuni za lebo, virusi na amana ni zilezile, kalenda ndiyo tofauti. Huko tulipu na narsisi huchimbwa majani yakishakuwa manjano, karibu Juni, na dalia huinuliwa baada ya baridi kali ya kwanza kuyaunguza majani. Lile ua dogo jeupe la mwisho wa baridi, Galanthus, wenyeji hulibadilisha likiwa bado na majani mabichi mara baada ya kuchanua, kinyume na karibu kila kitu tulichosema hapo juu, kwa sababu vitunguu vyake hufa vikikauka. Aina zake zote zimo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo zisivushwe mpaka bila kibali.

Naweza kuchimba gloriosa au skadoksi porini ili nipate cha kubadilisha?

Hapana. Katika hifadhi za misitu na mbuga ni kosa la kisheria, na nje ya hifadhi ni hasara kwa kila mtu, kwa sababu tunguu la porini lililong'olewa likiwa na ua mara nyingi hufa. Zote mbili hutoa mbegu. Kusanya chache kwa ruhusa ya mwenye ardhi, au omba watoto kwa aliyekwisha kuzipanda.

Niliyemwachia amana naye anahama. Nifanye nini?

Wasiliana naye mara tu upatapo habari, kwa sababu ana miezi mitatu ileile iliyotajwa mwanzoni, au pungufu. Mkubaliane ni nani atakayepokea, na chaguo la kwanza liwe yule mtu wa pili uliyemwachia aina hiyohiyo. Lebo ya awali isafiri na matunguu bila kuandikwa upya. Kila mpokeaji aongeze mstari wake chini ya ule wa aliyetangulia, akitaja mtaa na mwezi, na karatasi ikijaa ishonewe nyingine.